Mama Usimeze na Mapacha wa Sawa kwa Sawa

Mama yangu mdogo ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi, anakofanya kazi ya uuguzi, hakuna anayelitumia. Wote humwita Mama Usimeze, na jina hilo amelipata kihalali. Kiharusi kinapompata mtu, koo lake huweza kusahau kazi yake, na chai iliyopaswa kushuka tumboni ikaingia mapafuni. Kwa sababu hiyo mama mdogo haruhusu mgonjwa apewe kitu chochote kabla yeye hajamketisha wima, akamnywesha maji kijiko kimoja kimoja, na kusikiliza kama anakohoa au sauti yake imekuwa kama ya mtu anayeongea chini ya maji. Ndugu huingia wodini na machupa ya supu, nyuso zimejaa huruma, na kabla hawajafungua kifuniko husikia sauti kutoka upande wa pili: "Usimeze!" Siku moja alimpokonya mgonjwa ndizi iliyokuwa imeshaingia nusu mdomoni. Mkwe wa mgonjwa huyo alisema hajapata kuona mwizi mwenye sare safi namna ile.

Nyumbani nako hali si tofauti. Mumewe ni fundi bomba, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na kila jioni huanza chakula kwa kukaguliwa.

"Kaa wima, baba."

"Mke wangu, mimi sina kiharusi. Nina njaa."

"Wenye kiharusi nao walianza na njaa."

Fundi bomba ana malalamiko yake pia. Mama mdogo, akitaka kuwaeleza ndugu wa wagonjwa ugonjwa huu, huazima kazi ya mumewe. Huwaambia kwamba ubongo unalishwa na mabomba madogo ya damu. Kuna kiharusi cha kuziba, ambapo bonge la damu limekwama ndani ya bomba na sehemu ya mbele inakosa kulishwa. Kuna na kiharusi cha kuvuja, ambapo bomba limepasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa mtu aliyesimama mlangoni, wagonjwa wote wawili wanafanana: mdomo umepinda, mkono umelegea. Lakini dawa inayomsaidia wa kwanza inaweza kummaliza wa pili, na ndiyo maana daktari huagiza picha ya ubongo kabla ya kuandika chochote.

"Maelezo mazuri," fundi bomba alimwambia, "ila unaniharibia biashara. Siku hizi nikimwambia mteja bomba lake limepasuka, anaanza kulia."

Maelezo hayo aliyarudia miaka mingi bila kupata mtu wa kumshinda, mpaka walipoletwa Mkasi na Sindano.

Hawa walikuwa mafundi wa nguo, mapacha waliofanana mpaka kwenye upara. Mmoja alikata vitambaa, akaitwa Mkasi. Mwenzake alishona, akaitwa Sindano. Wote wawili walikuwa wagane, na waliishi na dada yao aliyewalea tangu mama yao alipofariki wakiwa wachanga. Mtaa mzima, wakubwa na wadogo, ulimwita Dada Mkubwa. Aliwalea kwa sheria moja tu: sawa kwa sawa. Yai alilikata katikati kwa uzi. Mmoja akikosea, walichapwa wote. Mkasi alipong'olewa jino, Sindano alinuna mpaka akapelekwa kwa daktari yuleyule ili na yeye aguswe jino. Sasa walikuwa wazee wenye mvi masikioni, na bado Dada Mkubwa alipima chai ya vikombe vyao kwa kuinama na kuangalia usawa wa meza.

Kiharusi kilianza na Mkasi. Asubuhi moja akiwa anakata suruali ya mteja, mkasi ulimponyoka, mkono wa kulia ukaanguka ubavuni kama mkono wa shati. Sindano alimuuliza kuna nini. Mkasi alifungua mdomo, akahangaika, na neno lililotoka lilikuwa "sawa". Aliulizwa kama anaumwa, akajibu "sawa". Aliulizwa kama apelekwe hospitali au alale kidogo, akajibu "sawa", na kwa kuwa kulala kulitajwa mwisho, akalazwa. Alipofikishwa hospitali jioni, picha ilionyesha bomba limeziba upande wa kushoto wa ubongo, unaotawala mkono wa kulia na, kwa watu wengi, maneno. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge, lakini hutolewa katika saa za mwanzo tu, na saa hizo Mkasi alikuwa amezimaliza kitandani kwake. Daktari akamwandikia aspirini, ili damu isiendelee kuganda.

Siku ya pili yake Sindano alikuja kumwona ndugu yake, akabishana na mlinzi wa getini kuhusu saa za kuona wagonjwa. Katikati ya ubishi alishika kichwa, akasema kinapasuka, akatapika, akaanguka. Alikimbizwa kwenye picha. Safari hii bomba lilikuwa limepasuka, upande wa kulia.

"Hata kiharusi wameona wasipitane," mlinzi alisema, na hakuna aliyecheka.

Walilazwa vitanda vinavyopakana. Mkasi alipewa cha dirishani. Sindano alipewa cha ukutani, penye kivuli na ukimya, maana mtu anayevuja ndani ya kichwa hahitaji mwanga mkali wala kelele. Kwenye mafaili majina yao yalitofautiana kwa herufi moja, na wiki hiyo vitambulisho vya kufunga mkononi vilikuwa vimekwisha stoo. Mama mdogo akachukua maboksi ya glavu, akayakata, akaandika kwa kalamu nene na kubandika ukutani juu ya vitanda: MKASI, KUZIBA. SINDANO, KUVUJA. Alisimama nyuma kidogo akajipongeza.

Kisha Dada Mkubwa akaingia, na ukaguzi ukaanza.

"Sista mwanangu, huyu presha yake imesoma ngapi?"

Mama mdogo akamtajia ya Sindano, na kwamba wanaishusha kwa dripu bila kuchelewa.

"Na huyu?"

Ya Mkasi ilikuwa juu pia, lakini hiyo walikuwa wanaiangalia tu kwa sasa.

"Mnaiangalia? Ni televisheni? Huyu ashushiwe, huyu aangaliwe?"

"Mama, bomba lililopasuka tunalipunguzia nguvu ya maji ili lisizidi kumwaga. Lililoziba, nguvu kidogo inasaidia damu kupenya pembeni. Tukiishusha haraka tutamkosesha hata hicho kidogo. Siku zikipita nayo tutaishusha taratibu."

"Kwa hiyo Mkasi mmemsahau kistaarabu."

"Sawa," alisema Mkasi kutoka kitandani.

"Umesikia? Hata mwenyewe anajua."

Kesho yake lilikuja suala la vitanda. Kitanda cha Sindano kiliinuliwa upande wa kichwa, cha Mkasi kililazwa zaidi isipokuwa wakati wa kula. Dada Mkubwa alipogundua mkono wa chuma wa kuzungushia kitanda, alivizungusha vyote viwili mpaka vikalingana kama viti vya harusi, na mama mdogo akavirudisha. Alivilinganisha tena. Wagonjwa wengine waliacha kusikiliza redio wakawa wanaangalia mapacha wanavyopanda na kushuka.

Shida ya tatu ilikuwa kidonge, na hapa wa kulalamika alikuwa Sindano mwenyewe. Sindano hakukubali kwamba anaumwa. Kiharusi cha upande ule huweza kumwibia mtu nusu ya dunia. Sindano hakuona kitu chochote kilichokuwa kushotoni kwake, alikula nusu ya kulia ya sahani akasema chakula ni kidogo, na mkono wake wa kushoto, uliolala juu ya shuka bila nguvu, aliukataa kabisa.

"Sista, huu mkono ni wa Mkasi. Kausahau hapa. Mpelekeeni."

"Ni wako, mzee wangu."

"Wangu ninao. Ona." Akainua wa kulia.

Lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na masikio yake yalisikia kila asubuhi Mkasi akiitiwa kidonge ambacho yeye hakuitiwa. Muuguzi mgeni aliyekuwa zamu aliuliza wodini, "Nani bado hajapata sindano?"

"Sindano ni mimi," akajibu, "na sijapata kitu chochote. Kidonge cha pacha wangu kiko wapi? Nusu yangu iko wapi?"

"Apewe nusu," Dada Mkubwa alisema. "Nusu tu. Kwani nusu inaua?"

"Kwake yeye, inaweza," mama mdogo alijibu. "Hiki kidonge kinazuia damu kuganda. Kwa Sindano tunaomba Mungu igande. Tukimpa, tumefungulia bomba."

Dada Mkubwa aliguna. Katika maisha yake alikuwa amesikia visingizio vingi vya watu wanaotaka kumpa mtoto mmoja zaidi.

Siku lilipotokea tukio lenyewe, ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, mchana. Mama mdogo alikuwa nyuma ya pazia mwisho wa wodi, akimgeuza ubavu mgonjwa mnene pamoja na mwenzake. Dada Mkubwa aliketi kati ya ndugu zake, akatazama dirisha, akatazama ukuta, kisha akamwita mhudumu wa usafi aliyekuwa akipita na ndoo.

"Mwanangu, huyu anaota jua tangu aletwe. Mwenzake anaangalia ukuta kama amefungwa jela. Hiyo ni haki?"

"Si haki, mama," alisema mhudumu, ambaye hakupenda kubishana na watu wazima.

"Basi wabadilishe. Leo huyu, kesho yule."

"Sista anajua?"

"Sista ni mwanangu."

Halikuwa jibu, lakini mhudumu alilichukua kama jibu. Alifungua breki za magurudumu, akakitoa kitanda cha dirishani, akakisukuma cha ukutani mahali pake, na cha kwanza akakipeleka ukutani. Alifunga breki vizuri, tena kwa uangalifu. Maboksi yalibaki ukutani. Sindano sasa alilala chini ya maandishi MKASI, KUZIBA, akiota jua la kwanza tangu aanguke getini, na Dada Mkubwa akaenda zake nyumbani kupika, roho imetulia.

Kidonge cha Mkasi siku hiyo kilikuwa kimechelewa kwa sababu asubuhi alikuwa amepelekwa mazoezi. Mama mdogo alitoka nyuma ya pazia, akanawa, akakiponda kidogo, akakiweka kwenye kijiko cha mtindi mzito, maana Mkasi vitu vyepesi vilikuwa bado vinamkaba. Alifika kitanda cha dirishani. Akaona kimeinuliwa upande wa kichwa. "Dada Mkubwa na mkono wake wa chuma," alijisemea, akasoma ukuta, akamwinamia mgonjwa. Upara uleule, mvi zilezile, mdomo uliopinda.

"Hujambo Mkasi wangu? Tayari kwa dawa?"

Sindano alikuwa amesubiri kidonge hicho kwa siku nyingi. Alimtazama kwa macho ya mtakatifu.

"Sawa," alisema.

Mama mdogo akamlisha kijiko. Mgonjwa akafunga mdomo, akatafuna kwa furaha kubwa kuliko inavyostahili mtindi, kisha akainua mkono wa kulia, akajifuta midomo.

Mama mdogo anasema kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa shangwe. Mkono wa kulia wa Mkasi umerudi! Alitaka kuita wodi nzima. Alikuwa amefungua mdomo kuita wakati sauti ya pili ilipotoka kitanda cha ukutani, ya upole, kama ya mtu anayeona amepitwa na mlo:

"Sawa?"

Aligeuka akatazama huko, akamtazama huyu, akatazama mkono. Shangwe ikamkauka mwilini.

"Usimeze!"

Wodi nzima ilisimama. Mwanamke mmoja mwenye chupa ya chai aliiweka chini mwenyewe bila kuambiwa.

"Nimeshameza, sista," alisema Sindano, sentensi nzima, safi, ambayo Mkasi wa watu asingeweza kuitamka. "Na kimeniingia vizuri."

"Fungua mdomo."

"Kimeshafika tumboni."

"Fungua mdomo, mzee, au nitakufungua mimi!"

Akafungua. Juu ya ulimi hapakuwa na kitu. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Mama mdogo alivaa glavu, akapitisha kidole shavu la kushoto, lile ambalo Sindano hakujua kwamba analo, ambako kila siku alimtoa makombo ya chakula ambayo mwenyewe aliapa kuwa ameyala. Mtindi wote ulikuwa umejificha humo kama kwenye mfuko, na vipande vya kidonge ndani yake. Aliupangusa wote kwa kitambaa, akausafisha mdomo mara mbili, akampima presha, akamulika macho.

"Umenipora," alisema Sindano.

"Nimekupora, ndiyo."

Alimwita daktari, akamweleza yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe, akaiandika pia kwenye taarifa ya tukio. Daktari aliagiza picha ya ubongo irudiwe. Muda wa kusubiri picha hiyo mama mdogo hakuketi. Alivirudisha vitanda vya mapacha mahali pake, akatengeneza na vingine ambavyo vilikuwa vimeshatengenezwa. Aliyang'oa maboksi yake ukutani. Akaenda kwa mgonjwa mmoja mwanamke, aliyekuwa na uzi na vitambaa vya kupitishia muda, akaomba vipande viwili vya rangi mbili, akaandika majina na kuvifunga kwenye vifundo vya mikono ya mapacha, kwa fundo la mara mbili.

Jioni Dada Mkubwa alirudi na chakula, akamkuta amesimama mlangoni.

"Mama, mimi na wewe leo tumekaribia kumzika Sindano."

"Mimi na nani?"

"Wewe uliwahamisha. Mimi nilisoma ukuta badala ya kumsoma mgonjwa. Kidonge kilifika mdomoni."

Dada Mkubwa aliweka vyombo chini. Kwa mara ya kwanza hakuangalia ni kitanda gani kilichoinuliwa zaidi.

"Kimeingia?"

"Kilikwama shavuni. Tunasubiri picha."

Walisubiri pamoja kwenye benchi la ukumbini. Dada Mkubwa alishika ncha ya kanga yake na kuikunja, akaikunjua, akaikunja. Kisha alisema, "Kwa hiyo kinachomtibu huyu kinamuua yule."

"Ndiyo, mama."

"Na wametoka tumbo moja."

"Tumbo ni moja. Kichwa kila mtu na chake."

"Nilikuwa nikiogopa mama yetu atanidai," alisema Dada Mkubwa polepole. "Kwamba ataniuliza, mbona huyu ulimpa na huyu ulimnyima. Sikuwahi kufikiri kuna cha kumnyima mtu kwa kumpenda."

Mama mdogo akamshika mkono. Daktari alipotoka na majibu kwamba damu haijaongezeka, Dada Mkubwa alisimama, akamshukuru, akaketi tena, akalia kwa sauti kiasi kwamba mlinzi wa getini alikuja kuuliza nani amekufa.

Kesho yake aliripoti wodini kama mtu aliyeanza kazi mpya.

"Nipangie, sista. Huyu nimfanyie nini, na huyu nini."

Mama mdogo alimpangia. Kwa Mkasi atakaa upande wa kulia, amsogezee vidole, amwonyeshe vitu vya kawaida na kumtajia majina bila kumkimbiza. Mkasi akijibu "sawa" kwa kijiko, asimcheke wala asikate tamaa. Kwa Sindano hakuna vidonge vya jirani, hakuna kelele, hakuna kujikamua chooni. Atakaa upande wa kushoto, na kila kitu atakachomwambia amwambie kutoka huko, ili kichwa kijifunze kugeuka kuutafuta upande uliopotea.

"Na kitu gani naweza kuwapa wote?"

Mama mdogo alifikiri. "Kuwageuza ubavu. Usafi wa mdomo. Na baadaye wote watatumia vidonge vya presha."

"Basi si haba," alisema Dada Mkubwa, uso ukamng'aa kidogo.

Alimaliza kwanza na Mkasi. Alimwonyesha kikombe mara nyingi mpaka Mkasi akakunja uso, akasukuma ulimi na kutoa sauti ambayo haikuwa kikombe lakini pia haikuwa sawa. Kisha akabeba kigoda chake, akaenda kuketi kushoto kwa Sindano.

Sindano alikuwa akinung'unika akitazama ukuta wa kulia.

"Ameondoka tena. Siku nzima yuko na Mkasi. Sista! Dada yangu kaniacha."

"Sijakuacha. Nipo hapa."

"Wapi?"

"Kushoto. Geuka."

"Huku hakuna upande, dada. Kitanda kinaishia hapa."

"Upo. Nimeukalia mimi. Geuka."

Alimgusa bega alilolikataa, akamgusa shavu, akaita tena. Sindano aligeuza macho mpaka katikati, akachoka, akayarudisha. Dada Mkubwa akaita tena, bila hasira, kama anayemwita mtoto aje kula. Mama mdogo, akiwa na kijiko chake mkononi, aliacha alichokuwa anafanya akaangalia. Kichwa kiligeuka polepole, kikapita katikati, kikaendelea kidogo zaidi, na macho yakatua juu ya uso wa dada yake.

"Kumbe upo!" alisema Sindano. "Umefika saa ngapi?"